Feni ya Gari Katika Joto la Juba: Umeme Mwingi Hutaka Njia Yake

Saa saba mchana, mwezi wa Machi, si jambo la ajabu katika mji wa Juba kuliona gari limesimama kando ya njia karibu na soko la Konyo Konyo, boneti likiwa wazi na mvuke ukifuka kutoka rejetani. Wapita njia hukusanyika, na kila mmoja huwa na shauri lake. Huyu ataka maji yamwagwe juu ya injini, yule ataka kifuniko cha rejeta kifunguliwe upesi. Dereva hulaumu jua, naye fundi akiitwa hulaumu rejeta. Ni wachache wainamao wakautazama waya uendao kwenye feni, ingawa huenda maradhi yenyewe yamo humo.

Hapana shaka kwamba jua la Juba si la kudharauliwa. Mwezi Machi 2024 serikali ya Sudan Kusini ilifunga shule kwa sababu ya hari iliyotazamiwa kufikia digrii 45 za Selsiasi, na mwezi Februari 2025 shule zikafungwa tena kwa wiki mbili baada ya wanafunzi kuzirai. Hata hivyo, magari mengi hupita njia ile ile, saa ile ile, bila kuchemka. Jua huwaka juu ya wote; tofauti imo katika matunzo na katika kazi ya mikono ya mafundi.

KWA NINI GARI HUCHEMKA MJINI

Katika nguvu zote zitokazo ndani ya petroli inayochomwa na injini, karibu theluthi moja huishia katika maji yanayoizunguka. Maji hayo huenda rejetani kuutua mzigo wao wa joto katika hewa, kisha hurudi injini kuchukua mzigo mwingine. Kadiri tofauti kati ya joto la maji na joto la hewa ilivyo kubwa, ndivyo mzigo huo utuavyo upesi.

Maji yakiwa na digrii 95 na hewa ya Kampala ikiwa na digrii 25, tofauti ni digrii 70. Gari hilo hilo likiletwa Juba siku ambayo hewa ina digrii 40, tofauti hubaki 55 tu. Maana yake ni kwamba rejeta ile ile, kwa upepo ule ule, imepoteza zaidi ya sehemu moja katika tano za nguvu zake za kupoza. Ndiyo sababu gari lisilokuwa na kasoro yoyote huko lilikonunuliwa huanza kuugua mara livukapo mpaka wa Nimule.

Gari likiwa katika mwendo, upepo wa safari huipoza rejeta. Katika barabara ya lami ya Juba hadi Nimule, yenye kilomita 192 na iliyofunguliwa mwaka 2012, dereva aendaye kilomita 80 kwa saa hana haja kubwa ya feni. Adui yake ni foleni, kizuizi cha ukaguzi na mwendo wa polepole sokoni. Hapo upepo wa safari haupo, na uhai wa injini hutegemea feni peke yake.

MFANO WA NYUMBA MOJA

Ili jambo hili lieleweke vema, yafaa kuchukua mfano wa nyumba moja. Tuseme koplo mmoja wa polisi amejinyima miaka mitatu, akanunua gari kuukuu la familia kutoka Kampala. Asubuhi mkewe hulitumia kupeleka nyanya na bamia sokoni. Jioni huwabeba watoto. Na usiku, jirani akishikwa na uchungu wa kujifungua, gari hilo ndilo gari la wagonjwa la mtaa mzima.

Feni ya asili ya gari hilo huzungushwa na injini yenyewe kwa njia ya klachi yenye mafuta mazito. Klachi hiyo imechakaa, na feni yazunguka kwa uvivu. Rafiki mmoja amshauri koplo atie feni kubwa ya umeme iliyotolewa katika gari kubwa zaidi. Shauri lenyewe si baya. Ubaya waja katika kuifunga. Rafiki huyo achukua waya wa taa za nyumbani, aupitisha katika swichi ya dashibodi iliyokuwa ya taa za ukungu, na kuuunga kwa kuusokota na kuuzungushia utepe. Feni yanguruma kama mashine ya kusaga, na wote wapiga makofi.

Siku ya nane, gari likiwa katika foleni, harufu ya plastiki yaanza kusikika. Swichi imelainika kama nta, waya umepoteza ngozi yake, na feni imesimama. Sindano ya joto yapanda. Kwa bahati njema mama na watoto wateremka salama. Lakini dakika chache zaidi zingetosha kuunguza gasketi ya silinda hedi, au gari zima. Akiba ya miaka mitatu ingeondoka kwa sababu ya waya wa bei ya vikombe vichache vya chai.

KWA NINI WAYA MWEMBAMBA NI HATARI

Wengi huuliza: Iweje birika la umeme la wati 2,000 litumie waya wa kawaida nyumbani bila madhara, na feni ya gari isiyofika wati 500 iunguze waya wa namna hiyo hiyo?

Jibu limo katika volti. Nyumbani umeme huja kwa volti 230, kwa hiyo birika la wati 2,000 huvuta ampea 9 hivi. Gari lina volti 12 tu, nazo hupanda kufikia 14 hivi injini ikiwa inazunguka. Feni kubwa huvuta ampea 35 au zaidi. Kinachochemsha waya ni ampea zipitazo ndani yake, nao ukali wa joto huongezeka maradufu ya maradufu: ampea zikizidi mara mbili, joto huzidi mara nne.

Hesabu yaonyesha wazi. Tuseme umbali kutoka betri hadi feni na kurudi ni mita 6. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5, ambao ni wa taa za nyumbani, ukipitisha ampea 35 hupoteza volti zipatazo 2.5 njiani, na hutoa joto la wati 86. Joto hilo lapita lile la balbu ya zamani ya wati 60, nalo limefungwa ndani ya ngozi ya plastiki, karibu na mabomba ya mafuta. Waya wa milimita za mraba 10 katika umbali huo huo hupoteza chini ya volti 0.4 na kutoa wati 13 tu, zilizotandazwa katika urefu wake wote.

Hasara ni mbili. Kwanza, waya mwembamba waweza kuwasha moto. Pili, feni yenyewe hupata umeme uliodhoofika, ikazunguka pole, na gari likaendelea kuchemka. Mwenye gari hudhani feni haitoshi, akatafuta kubwa zaidi, na hivyo akauongezea waya mzigo uliokwisha kuushinda.

KIDHIBITI NA KAZI YAKE

Feni ya nguvu haiwashwi moja kwa moja na swichi ya dashibodi. Huwekewa kidhibiti, yaani chombo kipokeacho habari za joto la maji na kuamua lini feni iwake na lini izime. Vidhibiti viko vya aina mbili.

Aina ya kwanza ni rilei inayoamrishwa na swichi ya joto. Rilei ni mlango mkubwa unaofunguliwa na mkono mdogo. Koili yake hutumia umeme mdogo sana, kwa kawaida chini ya robo ya ampea, nao mlango wake hupitisha ampea nyingi ziendazo kwenye feni. Miguu yake huandikwa namba: mguu wa 30 hupokea umeme wa betri uliokwisha kupita katika fyuzi, wa 87 huutoa kwenda kwenye feni, na miguu ya 85 na 86 ni ya koili. Rilei ndogo ya ampea 30 haiifai feni ya ampea 35. Yafaa itumike ya ampea 70, kwa kuwa mota iliyosimama, wakati wa kuanza kuzunguka, huvuta umeme mara mbili au tatu ya ule wa kawaida kwa kitambo kidogo. Feni ya ampea 35 yaweza kugusa ampea 100 kwa muda huo, na rilei dhaifu meno yake huungua au kugandana.

Aina ya pili ni kidhibiti cha elektroniki. Hiki hukatakata umeme mara nyingi sana katika kila sekunde, hata feni ikaanza pole na kuongeza kasi kadiri maji yanavyozidi kupata joto. Faida yake ni kuondoa ule mshtuko wa mwanzo na kuipunguzia altaneta mzigo. Lakini chenyewe hutoa joto, kwa hiyo lazima kifungwe juu ya chuma, mahali penye hewa, mbali na bomba la moshi. Kukificha nyuma ya injini ni kukiua.

Kwa aina zote mbili, kanuni ni moja: umeme mwingi hupewa njia yake wenyewe. Hauazimi njia ya taa, wala ya honi, wala ya redio.

HATUA ZA KAZI

Kabla ya kununua feni, sharti maradhi mengine yachunguzwe. Rejeta iliyojaa vumbi na wadudu, thamostati iliyoganda, kifuniko kisichoshika mgandamizo, pampu ya maji iliyochoka na mpira uliolegea haviponywi na feni. Vumbi la Juba laweza kuziba matundu ya rejeta kwa nje hali ndani ni safi. Hilo hutibiwa kwa maji ya bomba yasiyo na nguvu kubwa, yakirushwa kutoka upande wa injini kuelekea nje.

Yote yakiwa salama, kazi hufanywa kwa mpango huu.

Kwanza, waya hasi wa betri hufunguliwa, na injini huachwa ipoe.

Pili, feni hufungwa nyuma ya rejeta ili ivute hewa, ikiwa na kava lake linalofunika rejeta kwa upana. Feni isiyo na kava hupoza duara lake tu, na pembe za rejeta hubaki bila upepo.

Tatu, waya mkuu wa milimita za mraba 10 hutolewa betri. Fyuzi huwekwa karibu kabisa na betri, isizidi shubiri moja. Fyuzi ikiwekwa karibu na feni, urefu wote wa waya ulio kabla yake huwa hauna mlinzi. Ukichubuka na kugusa bodi, hakuna kitakachoukata. Kwa feni ya ampea 35, fyuzi ya ampea 50 yafaa. Kutia fyuzi ya ampea 100 kwa sababu ile ya 50 imekatika ni kumfukuza askari wa zamu kwa kosa la kupiga king'ora.

Nne, waya wa kurudi, ambao mafundi huuita athi, hupewa unene ule ule wa waya wa kwenda. Hapa ndipo wengi hukosea. Hununua waya mzuri wa chanya, kisha athi huifunga kwa skrubu moja juu ya bati lenye rangi na kutu. Umeme uendao ndio urudio, na njia ya kurudi ikiwa nyembamba, safari nzima ni nyembamba. Rangi hukwanguliwa hadi chuma king'ae, au athi hurudishwa moja kwa moja kwenye betri.

Tano, maungio yote hubanwa kwa vichwa vya shaba na koleo la kubania. Kusokota na kuzungushia utepe kwafaa kamba ya mbuzi, si waya wa ampea 35. Kila mahali waya upenyapo katika bati huwekewa mpira wa kuulinda.

Sita, waya mwembamba unaoiamsha rilei au kidhibiti huchukuliwa katika umeme unaopatikana ufunguo ukiwa umewashwa tu, nao huwekewa fyuzi yake ndogo. Bila hivyo feni yaweza kuimaliza betri usiku.

Saba, kihisi joto huwekwa mahali maji ya moto yatokapo injini. Kukichomeka katikati ya mapezi ya rejeta si desturi njema, maana hudanganya kipimo na chaweza kuitoboa rejeta. Ikiwa thamostati hufunguka kwa digrii 82, feni yafaa iwake kwenye digrii 93 hivi na kuzima kwenye 88. Ikiamriwa kuwaka chini ya kiwango cha thamostati, haitapumzika kamwe. Na ikiwaka na kuzima katika kiwango kimoja, itacheza ngoma ya kuwaka na kuzima mpaka rilei iharibike.

KUPIMA BAADA YA KUFUNGA

Kazi haijaisha feni inapozunguka. Karatasi huwekwa mbele ya rejeta; ikivutwa na kuganda, feni yavuta sawasawa. Ikisukumwa, nyaya za feni zimebadilishana, nayo itapambana na upepo wa safari.

Kisha mita ya volti huwekwa kwenye betri, halafu kwenye miguu ya feni, injini na feni zikiwa kazini. Tofauti ya vipimo hivyo viwili isizidi nusu volti. Ikizidi, pana ungio bovu au waya mwembamba, na kidole kikipita kwa uangalifu juu ya waya kitapahisi mahali penye joto. Waya wenye uvuguvugu haudhuru. Usioshikika una hatari.

Altaneta nayo isisahauliwe. Yenye maandishi ya ampea 80 haitoi zote injini ikiwa inazunguka polepole; huenda ikatoa nusu tu. Taa kubwa mbili za wati 55 huchukua ampea 8, feni ya hewa ya ndani huongeza, na mfumo wa injini una haki yake. Feni mpya ikidai 35 juu ya hizo, betri hulipa deni. Dereva aliye katika foleni ndefu usiku huzima visivyo vya lazima.

Pana pia magari yasiyofaa kubadilishwa. Gari la dizeli livutalo mizigo mizito milimani mara nyingi huhudumiwa vema zaidi na feni yake ya asili ikitiwa klachi mpya. Nalo gari la kikosi, liwe la jeshi au la polisi, haliguswi bila idhini ya karakana yake, kwa kuwa aliyelifunga leo siye atakayeliendesha kesho, na doria haina nafasi ya kutafuta waya usioonyeshwa katika ramani ya gari.

YA NYUMBANI

Mambo machache yawahusu wote wakaao karibu na gari, hata wasioshika usukani. Kifuniko cha rejeta ya moto hakifunguliwi. Mgandamizo uliomo huyazuia maji kuchemka hata yakizidi digrii 100. Kifuniko kikitolewa, maji huchemka papo hapo na kuruka usoni. Injini huachwa nusu saa au zaidi, kisha kifuniko hulegezwa kwa kitambaa kinene, uso ukiwa mbali. Maji baridi hayamwagwi juu ya injini iliyochemka, maana chuma kilichotanuka chaweza kupasuka.

Watoto wafundishwe kwamba feni ya umeme yaweza kuwaka yenyewe wakati wowote ufunguo ukiwa umewashwa, na katika baadhi ya magari hata ukiwa umezimwa. Mkono usipite hapo. Nayo dawa ya rejeta, ile ya kijani au nyekundu, aghalabu huwa na sumu yenye ladha tamu. Haiwekwi katika chupa ya soda, wala haiachwi katika beseni uani, ambamo mtoto au mbuzi aweza kuinywa.

Katika mfano ule wa koplo, mambo yalitengenezwa na fundi mzee, mwenyeji wa Gulu, ambaye hakuiondoa feni ile kubwa. Aliushika waya ulioungua, akamwambia, "Afande, feni yako haina kosa. Umempa ng'ombe kamba ya kuku." Alitia waya mnene, fyuzi kando ya betri, rilei ya ampea 70 na athi iliyofika betri. Gharama yake ilikuwa chini ya ile ya gasketi na kazi ya kuifunga.

Juma lililofuata, saa nane za usiku, mlango wa koplo uligongwa. Mke wa jirani alikuwa amezidiwa. Gari lilisimama kwenye vizuizi viwili kabla ya kufika hospitali kuu ya Juba, injini ikizunguka, feni ikiwaka na kuzima kwa wakati wake. Hakuna aliyeitazama sindano ya joto, maana haikuwapo sababu ya kuitazama. Abiria wote walimtazama mama.